Majivu Yasiyo na Alama ya Mguu

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, nilipovuta mlango wa choo namba arobaini na tatu na kumkuta kuku ameatamia. Saa nina hakika nayo, kwa sababu siku zile niliandika saa ya kila jambo, na muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimeandika kwenye daftari kwamba natoka ghalani. Sikuwa nimekwenda kukagua. Tumbo lilikuwa limenivuruga tangu alfajiri, choo cha ghala nilikolala kilikuwa na mwalimu ndani, nikaona nikimbilie cha Mzee Athumani, ambaye kwake nilikuwa nakula kila siku. Kuku alikuwa mwekundu. Alikaa kwenye ungo mkuukuu uliotandikwa maganda ya mahindi, na ungo wenyewe ulikuwa umewekwa juu ya tundu la choo, umeliziba barabara. Alinitazama kwa jicho moja, akatutumua manyoya. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Mama Zaina, mke wa Mzee Athumani, aliyekuwa akirudi kisimani na ndoo kichwani.

"Bwana Afya, leo si Ijumaa."

"Huyu kuku anafanya nini humu, mama?"

"Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Analalia mayai, si unaona? Ijumaa huwa namhamisha."

Mama Zaina tumemzika mwezi uliopita, kwenye kijiji kile kile cha Handeni ambacho hapa nitakiita Kwemgunga. Nilifika nimechelewa, basi la kutoka Korogwe lilipata pancha njiani, nikakuta watu wameshatoka makaburini na wamekaa kwenye mikeka. Mjukuu wake Shabani, ambaye mwaka ninaouandika alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni na sasa ana mvi, aliniletea maji ya kunawa, akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli bibi yake alikuwa akificha kuku chooni. Nikamwambia ni kweli. Wazee wawili waliokuwa karibu wakacheka, kisha wakakumbuka wako msibani wakanyamaza. Shabani akasema, "Basi uandike, baba, maana wenye kujua mnakwisha." Nimefanya kazi ya maji machafu na takataka miaka mingi, nimechora majalala na mabwawa ya kusafishia maji taka katika miji ambayo sitaitaja, na vijana wenye shahada wamenijia nyumbani Masuguru wakiniuliza nilisomea wapi. Jibu la kweli ni choo namba arobaini na tatu.

Chuo sikusoma. Niliyoyajua wakati ule niliyapata kwenye kitabu kimoja cha afya kisicho na jalada, nilichokinunua Manundu, mjini Korogwe, kwa mama aliyeuza vitumbua, ambaye alikuwa akichana kurasa zake kufungia. Kurasa kama arobaini za mwanzo zilikuwa zimekwisha kwenda na vitumbua. Zilizobaki nilizisoma mpaka nikazikariri: kina cha shimo, umbali kutoka kisimani, upande wa upepo. Kwa elimu hiyo nikaajiriwa kuwa msaidizi wa bwana afya, na ulipofika mwaka wa watu kuhamia vijijini nikapelekwa Kwemgunga na baiskeli, kamba yenye mafundo ya futi tano tano, kopo la rangi nyeupe, na fomu. Kabla ya hapo watu wale walikaa kwa kutawanyika, kila ukoo na kichaka chake, na kutoka mji mmoja hadi mwingine mtu aliweza kumaliza muwa mzima akitafuna njiani. Sasa walikuwa wamewekwa kwenye mistari kandokando ya barabara, kaya themanini na nne, nyumba mbele na choo nyuma. Mistari ya vyoo niliipima mimi kwa kamba yangu. Namba niliziandika mimi. Fomu ilikuwa na mstari mmoja kwa kila kaya na kisanduku kimoja cha kuandika hali ya choo, nami kila Ijumaa nilipita nikifungua milango na kuandika "safi". Kila choo kilikuwa kimefagiliwa na kunyunyiziwa majivu, majivu laini, yaliyotandazwa sawasawa kama unga kwenye ungo, yasiyo na alama ya mguu. Niliwahi kuandika hivyo kwenye taarifa yangu ya mwezi, kama sifa. Ofisi ikanisifu kwa barua. Nikaikunja barua ile nikaiweka ndani ya kitabu changu cha vitumbua.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumatatu nilimaliza shida yangu kichakani kama watu wengine, kisha nikarudi nikafungua vyoo vyote vya mstari ule bila kuaga. Namba arobaini na nne kulikuwa na mahindi ya mbegu yamening'inizwa. Arobaini na tano, utando wa buibui ulikuwa umevuka tundu kutoka ukingo hadi ukingo, na buibui mwenyewe katikati. Arobaini na sita kilikuwa kinatumika. Ni cha mzee mmoja aliyefiwa na mke na asiye na mtoto wa kiume. Nilifungua thelathini siku ile. Vilivyotumika vilikuwa vinne. Wiki mbili nyuma tulikuwa tumezika mtoto wa nyumba ya kwanza, aliyehara siku tatu, na kwenye daftari nilikuwa nimeandika "homa", kwa sababu katika kijiji chenye vyoo safi themanini na vinne sikuona namna ya kuandika neno lingine.

Chakula cha mchana siku zote nilikula kwa Mzee Athumani, kwenye chumba cha mbele, peke yangu au pamoja naye. Kilikuwa chumba kidogo chenye kitanda cha kamba, majembe mawili pembeni, na ukuta wa udongo ulioishia chini ya paa kiasi cha mkono mmoja, hivi kwamba moshi wa jikoni na maneno ya jikoni vyote vilipita juu yake. Siku ile mzee alikuwa shambani. Mwanaidi, mke wa mtoto wao, aliniletea bada, ule ugali wa mhogo, na kisamvu kilichoungwa karanga, akaweka, akapiga goti, akarudi nyuma. Mumewe alikuwa akikata mkonge upande wa Korogwe na alirudi mara moja kwa mwezi. Nilikuwa nimemega tonge la kwanza nilipoanza kumsikia yeye na Mama Zaina jikoni.

"Kaona?" Mwanaidi aliuliza.

"Kaona. Kafungua mwenyewe, na kuku kamkodolea macho."

"Atamwambia baba?"

"Amwambie nini? Kwamba mkazamwana wako haendi chooni? Ataanzia wapi kusema neno kama hilo?"

Mwanaidi alicheka, kisha akaacha. "Lakini mama, mimi kule korongoni nimechoka. Jana nimemkuta mama Sefu kwenye jiwe langu. Siku hizi mpaka zamu."

"Nenda mbele zaidi."

"Mbele zaidi wako wanaume."

"Basi rudi nyuma kidogo."

"Nyuma ndiko visimani, mama."

Nikasikia mwiko ukigonga ukingo wa chungu, na Shabani, aliyekuwa na miezi minane na tumbo lake halijatulia tangu wiki iliyopita, akaanza kulia ule mlio mwembamba wa mtoto aliyechoka.

Tonge nililolimega nililirudisha kwenye sahani. Baba mkwe na mkazamwana hawachangii choo. Nilikuwa nalijua hilo tangu sina akili. Nyumbani kwetu nyanya yangu alikuwa akivuka uwanja na kopo lake kwenda choo cha jirani, na sisi watoto hatukuuliza, kama tusivyouliza kwa nini jua linachomoza upande ule. Yeye aolewaye akifika kwenye mji, haweki aibu yake mahali panapopokea ya baba mkwe, wala mzee mwenyewe hataki akutane naye mlangoni pa mahali kama pale. Zamani kila mmoja alikuwa na kichaka chake na mambo yaliishia hapo. Tulipowaleta kwenye mistari, kila kaya ikapewa shimo moja. Wazee kwa heshima wakawaachia wake wa watoto wao. Wake wa watoto kwa heshima wakawaachia wazee. Mwisho shimo likabaki na kuku. Na mimi, mtoto wa watu wale wale, nikapita kila Ijumaa na kuandika "safi" kwa sababu fomu haikuwa na mahali pa kuuliza nani ni mkwe wa nani.

Mchana ule nilipanda korongo. Lilikuwa kavu, la mchanga mweupe, na visima vya kijiji vilikuwa mashimo matano yaliyochimbwa ndani ya mchanga huo, yakazungushiwa miiba ili ng'ombe wasifike. Kutoka visimani kwenda juu nilipima kwa kamba. Sitaeleza nilichokiona kwenye kingo na nyuma ya mawe. Kijiji kizima kilikuwa kimefanya haja pale tangu masika yalipokwisha. Jua lilikuwa limeyakausha yote na mchanga ulikuwa bado unayazuia. Mvua ya kwanza ingeyabeba kwa pamoja na kuyaweka ndani ya visima vile vitano. Nilipoinua kichwa niliona upande wa kaskazini, juu ya milima ya Usambara, mawingu yamekaa mazito tangu asubuhi. Wakulima walikuwa wakisema wiki moja. Wengine walisema chini ya hapo.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mzee Mhando, mtu mwembamba, mwenye koti alilolivaa hata juani, na aliyekuwa mkweli kuliko viongozi wengi niliofanya nao kazi baadaye. Nilimkuta akipima kwa hatua mahali pa kujengea jukwaa. Jumamosi ile tulikuwa tunamtarajia mgeni rasmi, na saruji mifuko kumi na miwili ilikuwa imeletwa kwa lori kwa ajili ya jukwaa hilo. Kwa kuwa chumba changu cha ghalani ndicho pekee chenye kufuli, mifuko ililala kwangu, na mimi ndiye niliyetia saini kuipokea. Nililala nayo wiki nzima, kati ya uso wangu na mfuko wa karibu hapakuwa na nafasi ya kupitisha mkono, na kila asubuhi nilipiga chafya ya kijivu. Nilimweleza mwenyekiti kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna, mzee."

"Sasa nisikilize, kijana. Hiki kijiji kimeandikwa cha kwanza kwa vyoo katika tarafa nzima. Nani aliandika?"

"Mimi, mzee."

"Wewe. Sikuandika mimi. Kijiji cha kwanza kinapewa mashine ya kusaga. Umewaona wanawake wetu mikono yao? Wanatwanga toka jogoo la kwanza. Jumamosi mgeni anakuja kuitangaza ile mashine hapa, nilipokanyaga. Na wewe leo Jumatatu unaniambia vyoo vina kuku."

"Mvua ikinyesha kabla hatujafanya kitu, mzee, mashine itakosa wa kusagia."

"Ita mkutano," alisema. "Uwaulize mwenyewe. Wakikubali kwamba hawaendi, mimi nitasema nini?"

Ulikuwa mtego, nami niliingia nikiwa na daftari mkononi. Saa kumi jioni watu walikusanyika, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, nikasimama nikauliza mbele ya wote, kwa sauti niliyodhani ni ya kitaalamu, ni nani hatumii choo chake na kwa sababu gani. Mzee mmoja alikohoa. Nikauliza tena, na safari hii nikalitaja: je, ni kwa ajili ya ukwe? Wanawake wa upande wa nyuma wakajifunika nyuso kwa kanga, mmoja akasimama akaondoka, wakafuata wengine, mpaka upande ule ukabaki mavumbi. Mzee Athumani alikuwa ameinamisha kichwa akitazama vidole vya miguu yake. Kijana mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Bwana Choo, na wewe mkweo anakwenda wapi?" na vijana wakaangua kicheko. Mwenyekiti akafunga mkutano. "Umeona? Hakuna anayelalamika," aliniambia, wala hakuwa na furaha aliposema hivyo.

Jioni ile sikuitwa kula. Nilikaa mlangoni pa ghala nikitafuna mhogo mbichi, mpaka Mama Zaina akaja, amebeba sahani chini ya kanga. Aliiweka chini kwa kishindo.

"Umetuvua nguo, mwanangu. Mbele ya baba mkwe wa kila mtu."

"Nimekosa, mama."

"Umekosa, ndiyo. Jambo kama lile linasemwa na mwanamke kwa mwanamke, na mwanamume kwa mwanamume, jikoni na shambani. Wewe ukaliweka uwanjani kama mbuzi wa mnada." Akatazama kaskazini, ambako radi ilikuwa ikimulika bila sauti. "Na yule mtoto wa nyumba ya kwanza? Ni haya haya?"

Nilimwambia sina hakika, lakini nadhani ni haya haya. Aliisukuma sahani karibu nami. Kisha akaniambia nilete daftari kwake kesho alfajiri, na nisije na ile fomu.

Mashimo mapya themanini na manne yasingechimbika kwa siku tano katika udongo ule mgumu. Nililijua hilo, nalo ndilo lililonikatisha tamaa. Mama Zaina aliona jambo ambalo mimi na kitabu changu hatukuliona: mashimo yalikuwa yanatosha, ila yalikuwa na wenyewe wasiofaa. Alikaa kwenye kigoda jikoni, akipembua mchele wa kuazima, akanitajia kijiji chote kutoka kichwani, nyumba kwa nyumba: huyu kaolewa kwa kina nani, yule ni ndugu wa baba mkwe wake na kwa hiyo naye ni mkwe, huyu na huyu ni mashemeji na hawana neno. Niliandika mpaka saa nne. Kila nilipodhani nimepata mpangilio alinirudisha: "Hapo umemweka Mwanaidi na mjomba wa mumewe. Futa." Tulipomaliza, kila nyumba kumi zilikuwa na vyoo vya wazee upande mmoja wa mstari na vya wakazamwana upande mwingine, na hakuna mtu aliyekuwa na choo nyuma ya nyumba yake mwenyewe isipokuwa wachache. Kwa fomu yangu ulikuwa upuuzi mtupu. Mama Zaina akachana kanga yake kuukuu vipande vyembamba, na asubuhi ile ile yeye na wanawake wanne wakapita wakifunga kipande kwenye kila mlango wa wakazamwana. Neno halikusemwa hadharani. Kipande cha kanga kilisema, na mwenye kukiona alijua pa kupita na pa kugeukia.

Ilibaki korongo lenyewe, na yale yaliyokwisha kuwekwa mle. Ukingoni, juu ya mahali maji hufika, palikuwa na kisima tulichochimba miezi mitatu nyuma. Kilipata maji futi kumi na nane, kikaachwa bila ukuta na bila mdomo kwa sababu tuliambiwa saruji hakuna. Jinsi kilivyokuwa, maji ya mvua yangeingia humo kama kwenye kikombe. Niliirudia hesabu mara tatu: mawe yapo korongoni, mchanga upo, fundi yupo, kwa maana Mzee Athumani alijenga kuta za mashamba ya mkonge ujana wake wote kabla ya kurudi kwao. Saruji nilikuwa nalala nayo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Kama ningeomba ruhusa ofisini kwetu Korogwe kwa baiskeli, jibu lingekuja baada ya mvua. Saa tano nilifungua kufuli, nikaandika kwenye daftari, "Nimetoa mifuko miwili kwa ajili ya kisima, kwa uamuzi wangu mwenyewe," nikatia saini.

Mzee Athumani hakuwa amenisemesha tangu mkutanoni. Nilipomfuata na kumwambia ninachotaka, alinyanyuka, akaenda uvunguni, akatoa mwiko wa kujengea na timazi vilivyofungwa kwenye gunia. Hakugusia choo wala mkwe. Alisema tu, "Mawe uyaoshe. Jiwe chafu halishikani." Tukashuka na vijana wanane, na yule aliyeniita Bwana Choo akiwa wa kwanza kubeba. Alasiri mwenyekiti akatokea juu ya ukingo, koti mwilini.

"Hiyo ni saruji ya jukwaa."

"Ndiyo, mzee."

"Bwana Afya, utafungwa wewe."

Mzee Athumani, aliyekuwa ndani ya shimo mpaka kifuani, aliendelea kupanga jiwe. "Mhando," alisema bila kuinua kichwa, "yule mtoto wa nyumba ya kwanza alikuwa mjukuu wa dada yako. Shuka unipe mchanga, au ondoka juani, unanizibia mwanga."

Mwenyekiti alisimama pale kwa muda ambao sikuupima. Kisha aliondoka. Hakushuka, lakini pia hakutuma mtu Korogwe, na baiskeli ya kijiji ilikuwa kwake.

Jumanne tulijenga mpaka giza, Jumatano na Alhamisi toka alfajiri mpaka giza, tukitazama kaskazini kila tulipopumzika. Mawingu yalikuwa yameshuka milimani na kufika juu ya bonde. Alhamisi jioni ukuta ulitoka ardhini futi tatu, tukamwaga sakafu ya zege kuuzunguka, yenye mteremko wa kutoa maji nje, nikaipima mara mbili. Tulikuwa tumemaliza mifuko kumi na mmoja, na kila niliouongeza juu ya ile miwili niliuandika na kuutilia saini. Ijumaa zege lilikuwa bado bichi na tulilifunika kwa majani ya migomba. Saa tisa na robo alasiri upepo ukageuka, ukaleta harufu ya vumbi lililoloa, na dakika chache baadaye mvua ikaanguka kwa wingi ambao hakuna aliyeutarajia.

Tulisimama ukingoni, watu wengi, tukiwa tumelowa. Maji ya korongo yalikuja saa kumi na dakika tano. Kwanza ulimi wa povu la kahawia unaosukuma vijiti na majani, kisha maji yenyewe. Yalipita mahali pa haja bila kusimama, yakafika kwenye miiba ya visima vya mchangani, yakaing'oa, na mashimo matano yakapotea kwa mara moja. Harufu ilitufikia mpaka juu. Wanawake waliokuwa na ndoo wakazitua chini. Mwanaidi, na Shabani mgongoni, alisema polepole, "Tungekuwa tunayanywa hayo." Maji yalipanda mpaka karibu na sakafu yetu ya zege, yakalamba ukingo wake, yakaondoa majani ya migomba upande mmoja na kuchimbua zege kiasi cha kiganja. Mzee Athumani alishuka akaweka gunia la mchanga pale kwa mkono wake mwenyewe, akakaa juu yake. Alikaa hivyo mpaka maji yalipoanza kushuka.

Mgeni rasmi alikuja Jumamosi saa sita, gari likiwa limejaa matope. Hakukuwa na jukwaa. Alihutubia akiwa amesimama kwenye sakafu ya kisima, kwa kuwa ndipo pekee pakavu. Aliniuliza kwa nini milango mingine ina matambara, na mingine haina. Nilimweleza, pamoja na kwamba vyoo nilivyoviandika "safi" havikuwa vikitumika. Alicheka kidogo, akamgeukia karani wake aandike. Mashine ya kusaga ilikwenda kijiji kingine, na wanawake wa Kwemgunga walitwanga misimu miwili zaidi. Hilo sijalisahau, na Mama Zaina hakuniacha nikalisahau; kila nilipomtembelea alinifungulia viganja vyake vyenye sugu na kusema, "Salimia mashine yangu." Shabani alipona vuli ile. Kwenye daftari, Ijumaa iliyofuata, sikuandika "safi" popote. Niliandika "kinatumika" au "hakitumiki", na nimeandika hivyo mpaka nilipostaafu.

Barua ya ofisi ilinifikia kabla ya mwezi kwisha. Nilihamishwa, kama adhabu, kusimamia jalala la Korogwe ya zamani, kando ya mto, kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Nilipofika huko sikufungua kitabu. Siku tatu za kwanza nilikaa juu ya pipa nikatazama watu wanatupa wapi hasa, na nani hapiti mbele ya nani. Barua hiyo hiyo ilisema saruji ya jukwaa itakatwa kwenye mshahara wangu, mfuko mmoja kila mwezi, shilingi ishirini na mbili na senti hamsini. Mfuko wa kumi na mbili niliurudisha haujafunguliwa na nikapewa stakabadhi. Miezi ilikuwa kumi na mmoja. Jumla nilikatwa shilingi mia mbili arobaini na saba na senti hamsini.